Katazo lilikuwepo Ng'alita

Kuna mwandishi ameandika akitaka serikali ipige marufuku wachimbaji wadogo kuingia mashimoni kila masika. Sawa, lakini kwenye mgodi wa dhahabu wa Ng'alita kule Bariadi, Januari 2024, katazo lilikuwepo! Viongozi wa serikali mkoani Simiyu walisema wenyewe kwamba watu walishazuiwa kuchimba pale kwa sababu za usalama. Wakaingia, kifusi kikashuka, 22 wakafa, wengi vijana. Sasa baada ya kukataza, nani alibaki pale kulinda shimo?

Angalieni dhahabu yenyewe inavyolindwa. Tangu 2019 tuna masoko ya madini: mzani upo, afisa yupo, mrabaha, yaani fungu la serikali, haupotei (au haupotei sana). Huko duarani, yaani shimoni, matimba (magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke) yanaoza na hakuna mkaguzi wa kuyagonga hata kwa fimbo. Mwenye leseni yuko mjini anasubiri mgao, anayeshuka na kamba hana hata mkataba.

Kwenye mgodi wa Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, nchi nzima tukashangilia muujiza. Mimi ningependa pia kusikia ni leseni ya nani ilifutwa.