Aliyechuma Hakuandikwa

Kwenye duka langu la dawa kuna sheria moja ambayo hata mhudumu mpya anaijua siku ya kwanza: chupa isiyo na lebo inamwagwa. Inukie vyovyote itakavyo, aape nani kwamba ni ya kikohozi, inamwagwa. Labda ndiyo sababu, nilipoanza kusoma habari za mwuza dawa mwenzangu aliyefariki London mwaka 1718, vipepeo vyake na nyoka wake havikunishughulisha sana. Kilichonikaa moyoni ni lebo.

Jina lake James Petiver. Duka lake lilikuwa mtaa wa Aldersgate. Hakuwahi kukanyaga Afrika, wala Bara Hindi, wala Marekani. Safari yake ya ng'ambo ilikuwa kuvuka maji tu kwenda Uholanzi. Hata hivyo vioja vya dunia nzima vilimfuata hapo hapo dukani: makombe, mbawakawa, majani makavu, mijusi iliyolala ndani ya pombe. Siri yake ilikuwa barua. Aliwaandikia manahodha, makasisi, wafanyabiashara, na zaidi ya wote madaktari wa meli, akiwaomba kila kilicho kigeni machoni pao. Na kwa kuwa wengi hawakujua pa kuanzia, alichapisha karatasi ya maelekezo na kuwagawia.

Maelekezo yenyewe ni raha kuyasoma kwa mtu wa fani yangu. Samaki, nyoka, mijusi na wanyama wengine wadogo watiwe kwenye ramu, brandi au pombe kali yoyote. Pombe ikikosekana, yachukuliwe maji ya bahari, na kila galoni itiwe chumvi viganja vitatu vinne pamoja na kijiko kimoja au viwili vya shabu iliyosagwa. Naam, shabu, ileile ambayo wazee wanajipitishia kidevuni wakimaliza kunyoa. Mimea ibanwe katikati ya karatasi. Vipepeo nao walazwe ndani ya kitabu kama majani. Mtu aliyeandika vile alijua hasara ya kufungua kifurushi kilichosafiri miezi mingi na kukuta uozo.

Sasa uliza: meli zipi hizo?

Nyingi zilikuwa za biashara ya watumwa. Zilitoka London, zikatia nanga pwani ya Guinea, huko Afrika Magharibi, zikavuka bahari na shehena ya watu hadi visiwa vya sukari vya Karibi, kisha zikarudi Uingereza. Daktari wa meli aliajiriwa ili shehena ile isife kabla ya kuuzwa. Meli ilipokaa pwani majuma na miezi ikisubiri kujazwa, daktari alikuwa na nafasi ya kuokota makombe, au ya kumtuma mtu amwokotee. Petiver hakuona haya. Aliwashauri rafiki zake wa mbali wawatumie watumwa katika kukusanya.

Najua jibu linalokuja: ndivyo dunia ilivyokuwa zama zile, usimhukumu marehemu kwa mizani ya leo. Sawa, tuiweke mizani ya leo kando, tutumie ya kwake mwenyewe. Petiver alikuwa mwangalifu mno wa majina. Katika vijitabu alivyochapisha kuhusu hazina yake aliwashukuru waliomletea vitu, kwa majina, na kwa maneno ya kupamba. Hayo hayakuwa adabu tupu. Daktari aliyekaa na homa katika bandari isiyo na habari alitamani kuona jina lake limepigwa chapa London, na shukrani ilikuwa ndiyo mshahara wake. Kwa hiyo, mimi ninavyoona, mtu aliyeingia msituni kuchuma hakusahauliwa kwa bahati mbaya. Hakuandikwa kwa sababu hakuna aliyejiona anadaiwa naye.

Mfano ninaoupenda, kama kupenda ndilo neno lake, ni orodha ya mimea ya Guinea iliyotoka katika jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1697. Ilitumwa kwa Petiver na kasisi John Smyth wa ngome ya Cape Coast, katika Ghana ya leo. Kichwa chake kinasema wazi kwamba ina majina ya wenyeji na faida za mimea hiyo. Ina maana kuna watu waliokaa na kasisi wakamweleza: huu unaitwa hivi, chemsha hivi, unatibu hivi. Mtu hasemi habari za dawa kwa dakika tano. Hata mimi mteja akinieleza mti wa kwao ananichukulia nusu ya asubuhi. Majina ya miti yakavuka bahari salama. Majina ya waliosema hayakupanda meli.

Petiver alipofariki, mali yake ilinunuliwa na Hans Sloane, daktari tajiri aliyewahi kukaa Jamaika mwaka 1687 hadi 1689, na ambaye mkewe alikuwa mrithi wa mashamba ya miwa kisiwani humo. Sloane naye alipofariki mwaka 1753 aliacha vitu kama 71,000, Serikali ya Uingereza ikavichukua kwa pauni 20,000, na hapo ndipo lilipoanzia jumba la British Museum. Mwaka 2020 waliitoa sanamu yake ya kichwa kwenye kiguzo chake, wakaiweka ndani ya kabati la kioo pamoja na maelezo ya utumwa. Watu waligombana juu ya hilo kwa wiki kadhaa. Mimi sikuona cha kugombania. Kinachonisumbua ni ngoma moja iliyomo mumo humo, iliyochukuliwa Virginia na kuingizwa kwenye daftari la Sloane kama ngoma ya Wahindi Wekundu. Siyo. Ni ngoma ya Waakan wa Afrika Magharibi, imechongwa kwa mti wa Afrika, ikavushwa bahari kwa meli. Ilikaa na lebo ya uongo miaka na miaka. Pale Virginia palikuwa na watu wengi ambao wangelimaliza suala hilo kwa sentensi moja.

Yuko mmoja ambaye jina lake liliingia, na kisa chake hakiniachi. Ayuba Suleiman Diallo, Mfulani wa Bundu, Senegal, mtoto wa mwanachuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1730 baba yake alimtuma mto Gambia akauze watu wawili na kununua karatasi. Umesoma vizuri: akauze watu. Simsafishi. Hakukubaliana bei na nahodha mmoja, Pike, akavuka mto akawabadilisha wale watu kwa ng'ombe. Njiani kurudi akatekwa, akanyolewa kichwa na ndevu, akauzwa kwa Pike huyohuyo. Akajikuta Maryland kwenye shamba la tumbaku.

Akiwa huko alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Haikufika Bundu. Ilikwama London, mikononi mwa James Oglethorpe, mkubwa katika kampuni iliyofanya biashara pwani ya Afrika Magharibi, ya watu ikiwemo. Akaipeleka Oxford ikatafsiriwa, na aliposoma aliguswa akapanga mwandishi wake anunuliwe na kuletwa Uingereza. Mwaka 1733 Ayuba yuko London, anaandika misahafu mitatu kwa kichwa, bila kutazama popote, na Hans Sloane anamkabidhi maandishi ya Kiarabu ya hazina yake amsomee. Mwaka uliofuata akarudi kwao, huru.

Kilichomwokoa ni kalamu. Sisi wa pwani kalamu hiyo tunaijua. Babu zetu waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi zizo hizo. Lakini ndani ya meli ileile ya Pike walikuwemo wengine, na yumkini baadhi yao walijua dawa za homa kuliko daktari wa meli. Hao hawakuwa na barua ya kukwama London.

Msinijie na habari za Kwasi, maana najua yupo wa kunitajia. Ni kweli, Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliupa mti wa Quassia jina la Mwafrika aliyekuwa mtumwa Suriname, Kwasi, jina wanalopewa wavulana wa Kiakan waliozaliwa Jumapili. Gome lake chungu lilitibu homa. Lakini Kwasi alikuwa mtu wa wazungu dhidi ya watumwa waliotorokea msituni, na watoro hao walimkata sikio. Mlango ulifunguliwa kwa mmoja, na tazameni ni yupi.

Wala mtindo huu haukuishia karne ile. Hapa kwetu Tanga, mtawala Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliokota ua dogo la zambarau la Usambara, akalituma kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu vidogo madukani Ulaya na Marekani. Wataalamu wa sasa wamelihamishia kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu, ya Streptocarpus, jina la mtawala likashuka daraja. Nilicheka peke yangu nilipoisoma hiyo.

Basi nami nikajifanya mwerevu. Nimenunua daftari kubwa: mti, matumizi, na jina la aliyenieleza. Juzi akaja bibi mmoja wa Pongwe na magome ndani ya gazeti, akitaka kujua kama anaweza kuyatumia pamoja na vidonge vyake vya presha. Nikamwambia kwanza asiyaguse mpaka aonane na daktari wake. Kisha nikampa kiti, nikamsikiliza habari ya mti huo karibu saa nzima, naandika. Mwisho nikamuuliza jina.

"Jina langu la nini, mwanangu?"

"Nikuandike, bibi. Ijulikane ni wewe uliyesema."

Akanitazama, akakunja gazeti lake. "Jina langu halikai kwenye daftari la mtu nisiyemjua kwao. Andika tu wa Pongwe."

Nikaandika: wa Pongwe.