Magodauni Dodoma: treni inarudi na nini?

Kuna dalali ananipigia simu karibu kila wiki, akipiga tu anaanza "mbukwa kiongozi, ile plot ya Ihumwa bado ipo", na nikimwambia hela sina anacheka, anasema hela itatafutwa lakini ardhi ikishaondoka imeondoka. Nilienda kukiona hicho kiwanja. Ni shamba la mtama, mabua bado yamesimama, katikati kuna vigingi vya zege na kibao cha bati kimeandikwa kwa rangi nyekundu "MAGHALA / YADI / VIWANDA". Jirani yake ukuta umeshajengwa kuzunguka ekari kadhaa, geti kubwa jeusi, ndani hamna kitu, mbuzi wanakula.

Sasa huo ukuta ndo umenifanya niandike, maana nimeona nyingi za aina hiyo kuanzia Ihumwa mpaka Nala na kila mtu anakwambia hela ya Dodoma ya miaka ijayo iko kwenye maghala.

Na sio Dodoma tu, hiki kitu kimeenda Afrika nzima. Kenya kule Tatu City, nje kidogo ya Nairobi, kuna kampuni inaitwa Africa Logistics Properties imejenga maghala ya kisasa ya kupangisha, Ghana pale Tema kuna Agility wana yao, na Dar ile sehemu iliyokuwa stendi ya Ubungo mwaka 2025 wamefungua kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji, EACLC. Wanachokisema wawekezaji kinaeleweka, miji inajaa watu, watu wananunua bidhaa za viwandani kila siku, halafu maghala yaliyopo mengi ni tofali na bati tu. Wanataka sakafu iliyonyooka inayobeba uzito, paa la juu la kupanga mzigo ngazi kwa ngazi, foklifti ipite, lori lirudi nyuma liguse jukwaa lishushe, na mfumo wa zimamoto ambao bima wataukubali. Vya hivyo ni vichache kweli, hapo siwabishii.

Na kwa Dodoma hoja zao zina miguu. Angalia ramani tu. Barabara ya Dar inakuja hapa, ya Singida inaenda Nzega mpaka Rwanda, Burundi na Congo, ya Iringa ina lami, ya Arusha kupitia Kondoa na Babati nayo lami. Sensa ya 2022 imehesabu watu 765,179 jijini na zaidi ya milioni 3 mkoa mzima. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia kweli, tofauti na zile ahadi za tangu 1973, watumishi wakaja na mishahara yao na matumizi yao, na Mtumba pale kwenye ofisi za wizara pamekuwa mji kabisa. Barabara ya mzunguko wa nje ina kilomita 112.3, inaunganisha Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, maana yake semi ya Kigali haina haja ya kuingia mjini kugombania njia na bajaji. Juu ya hapo kuna SGR, ile reli mpya ya kisasa, abiria wameanza kuja na treni Julai 2024 na mwaka 2025 mabehewa ya mizigo nayo yakaanza kufika Ihumwa. Ukimpa mtu wa fedha hizi habari atakwambia jenga jana.

Mi mwenyewe maghala mabovu nayajua kwa kuumia. Nafanya biashara ya alizeti na mahindi kidogo, kuna msimu nilipangisha chumba kwenye godauni moja Kizota, simtaji mwenye nalo, kodi ya miezi sita mkononi, mkataba kurasa moja. Lori likija linasimama nje barabarani kwa sababu geti halipitishi, makuli wanabeba gunia mgongoni wanapita kwenye ubao, na kila gunia lina bei yake ya kushusha na bei yake ya kupanga. Hakuna paleti, unatandika turubai chini unapanga. Mvua ya Januari ikaja, bati lina matundu ya misumari, maji yakawa yanashuka kwenye kona moja tu taratibu bila kelele, nimekuja kugundua baada ya wiki mbili nilipoona panya anatoka na mkia umelowa. Gunia za chini zilikuwa za moto ukiingiza mkono, yani alizeti imeshaanza kujipika yenyewe. Mwenye godauni akaniambia yeye kapangisha ukuta, hakupangisha mvua. Nikabaki nimesimama.

Kwa hiyo mtu akisema tunahitaji maghala bora namuelewa kuliko anavyodhani. Na kwenye mazao hii sio habari ya hasara tu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara, huko Chemba, Kondoa na Kiteto, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi, sumu ya ukungu unaoingia nafaka isipokaushwa na kutunzwa vizuri. Bado hujamtaja dumuzi, yule wazee wanamwita Scania, akiingia kwenye mahindi anakuachia unga. Halafu cha ajabu Dodoma kwa hali ya hewa ndo mahali pazuri pa kutunza nafaka, hewa kavu sehemu kubwa ya mwaka, mvua zinaisha mwezi wa nne hivi, ukivuna mwezi wa sita jua linakukaushia bure. Sishangai NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, wana vihenge na maghala yao hapa, na ule mradi wa kuongeza uwezo wao nchi nzima kutoka tani 251,000 hadi 501,000 kwa mkopo wa Poland umetugusa na sisi.

Ila sasa tugeuze sahani.

Kitu cha kwanza ambacho nadhani watu hawakiangalii ni hiyo SGR yenyewe. Kila mtu anasema reli imekuja kwa hiyo maghala yatahitajika, mi naona reli inaweza kufanya kinyume. Kwa nini mfanyabiashara wa Dodoma alikuwa anajaza stoo? Kwa sababu alikuwa haamini njia. Reli ya zamani mafuriko ya Kilosa na Gulwe yaliwahi kuikata kabisa, lori likiharibika Gairo unasubiri, kwa hiyo ukipata mzigo unanunua wa miezi miwili unafungia. Nina rafiki ana duka la vifaa vya umeme karibu na soko la Majengo, alikuwa na stoo mbili nyuma ya nyumba, mwaka jana moja kaigeuza chumba cha kupangisha wanafunzi wa chuo. Kwa nini? Anapiga simu Kariakoo saa mbili asubuhi, anatuma hela kwa simu, jioni au kesho yake mzigo uko stendi, anatuma bodaboda. Stoo yake sa hivi ni Kariakoo. Usafiri ukiwa wa uhakika mzigo unalala kidogo njiani, na mzigo usiolala hauna haja ya kitanda.

Pili, hii nguvu ya Ihumwa ya sasa inatokana na kwamba SGR inaishia karibu. Kwenye karatasi mwisho wa kipande hiki ni Makutupora, na wengi wanadhani ni hii Makutupora yetu ya zabibu, hapana, ile iko Manyoni mkoa wa Singida, majina tu yamefanana. Mbele ya hapo kuna ujenzi wa kwenda Tabora, Isaka, Mwanza, na Kigoma. Siku reli ikifika Isaka au Mwanza, kontena la Rwanda lina sababu gani ya kushuka Dodoma? Litapita linatupungia mkono. Na upande wa bandarini Kwala kule Pwani imeshafunguliwa 2025 kupokea makontena kutoka bandari ya Dar. Tutabanwa katikati. Isaka wenyewe waulizeni, bandari kavu ilijengwa kwa ajili ya Rwanda na Burundi, reli ya zamani ilipolegea malori yakawa yanapita tu moja kwa moja.

Kwa hiyo mzigo wa kupita tusiuhesabu sana. Unabaki mzigo wa kula hapa hapa na mzigo wa kutoka hapa. Wa kula hapa upo, soda, bia, sabuni, simenti, mabati, na makampuni yana depo zao tayari na mawakala, hilo soko linakua kadiri mji unavyokua, taratibu, sio kwa kasi ya bei za viwanja. Na biashara ya mtandaoni ambayo kwingine ndo imejaza maghala, sisi Jumia walifunga virago Tanzania Novemba 2019. Huku biashara ya mtandaoni ni Instagram, WhatsApp na konda wa basi.

Sasa hesabu, na hapa naomba tuende pole pole maana ndo penyewe. Chukua mfano tu, umejenga ghala la mita za mraba 1,000 kwa mkopo wa shilingi bilioni 1, riba tuseme asilimia 15, ambayo kwa mabenki yetu ni kawaida. Riba peke yake ni milioni 150 kwa mwaka, milioni 12 na nusu kwa mwezi, yaani 12,500 kwa kila mita ya mraba kila mwezi kabla hujarudisha hata senti ya mkopo, hujalipa mlinzi, umeme, bima. Ukitoa njia za kupita tuseme mita moja inabeba magunia 10 ya kilo 100. Ni 1,250 kwa gunia kwa mwezi. Mkulima wa Kongwa anaweka mahindi Juni anasubiri bei ya Desemba, miezi sita, 7,500 kwa gunia, hiyo ni riba ya mwenye ghala tu. Halafu NFRA wakifungulia mahindi yao kutuliza bei, au vibali vya kupeleka nje vikawa vigumu, ile bei ya Desemba uliyokuwa unaisubiri haiji na mahindi yako ndani yamekula 7,500 kila gunia. Nani atalipa hiyo kodi? Kwa hiyo ghala zuri la kibenki na gunia la mahindi haviendani, ghala la namna hiyo linamtaka mpangaji wa dawa, vipuri, vinywaji, mtu ambaye mzigo wake unaingia na kutoka mara nne kwa mwezi. Wa hivyo Dodoma wako wangapi?

Mwekezaji wa nje yeye hela yake ni rahisi kidogo kuliko yetu, anakopa dola. Lakini tangu Machi 2025 kanuni zinasema bei na malipo ya ndani ni kwa shilingi, kwa hiyo yule aliyezoea kupangisha kwa dola ili alipe mkopo wa dola, shilingi ikiteleza inamteleza yeye. Mi kanuni naiunga mkono kwa kweli, nimechoka kuulizwa kodi kwa dola kwenye nchi yangu, ila tusijifanye haina bei. Ongeza VAT ya asilimia 18 kwenye kodi ya pango kwa aliyesajiliwa, na kodi ya zuio ya asilimia 10 ambalo mpangaji anakata anapeleka TRA, utaona kwa nini wengi bado tunapendelea chumba cha Kizota cha mkataba wa kurasa moja pamoja na matundu yake.

Kuna wanaosema stakabadhi ghalani ndo itayajaza hayo maghala. Sheria ipo tangu 2005, mkulima analeta zao, linapimwa, anapewa stakabadhi, zao linauzwa mnadani. Mazuri yake nayaona, mizani inakuwa moja, lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, inakufa, mwenye ghala anapata tozo yake kwa kilo bila kuhangaika kutafuta wapangaji. Ubaya wake nenda kaongee na mama mwenye gunia nane za ufuta ambaye ada ya shule inatakiwa Jumatatu na mnada ni wiki ijayo na hela inaingia baada ya mnada. Huyo atamuuzia mchuuzi usiku kwa bei ya kutupa, na mchuuzi haweki kwenye ghala lenye foklifti, anaweka sebuleni kwake.

Wa zabibu ndo wananiuma zaidi, maana mahindi yanasubiri lakini zabibu haisubiri. Inavunwa mara mbili kwa mwaka, ikiiva imeiva, ukikosa mnunuzi siku tatu umebaki na siki. Wengine wanakamua wanahifadhi mchuzi, yaani maji ya zabibu, kwenye matenki. Pale chumba cha baridi kingelipa kodi kweli, na mchuzi una njia ya kwenda Dar kwa treni. Lakini sijaona kibao hata kimoja cha bati huko Ihumwa kilichoandikwa chumba cha baridi, kwa sababu chumba cha baridi kinataka umeme usiokatika na fundi wa kukitunza, ukuta na geti haviombi kitu.

Hapo ndo naona wengi walionunua huko hawajanunua ghala, wamenunua kusubiri, na anayesubiriwa ni mnunuzi mwingine. Wakati huo yule mzee wa mtama kalipwa mara moja, kanunua pikipiki mbili, moja tayari imeuzwa.

Mi kama ningekuwa na hiyo bilioni ningejenga kidogo kidogo na karibu na zao, Kibaigwa pale sokoni, Mpwapwa, Chemba, vyumba vya tani 50 au 100, paa zima, sakafu kavu, paleti, kipima unyevu mlangoni, mtu akileta mahindi mabichi unamrudisha akaanike. Sio kitu cha kupigia picha. Na Ihumwa ningengoja nione mabehewa yanarudi Pugu kule Dar na nini, maana treni inayokuja na mzigo ikarudi tupu nauli yake ya kuja inabeba na ya kurudi, na hapo lori linashinda tena, na lori likishinda linashusha mlangoni kwa mteja, ghala lako linabaki na mbuzi.

Dalali kapiga juzi tena. Nikamuuliza hilo hilo, kiongozi, treni ikishashusha hapo Ihumwa inarudi na nini? Akanyamaza kidogo, nikasikia anaongea na mtu pembeni, afu akarudi, "boss, hilo la watu wa reli, kina TRC, mi nauza kiwanja." Nikamwambia basi anitafutie nusu chumba Kizota kuanzia mwezi wa tano, na safari hii napanda juu ya bati mwenyewe kabla sijalipa.