Wakili kabla ya mzigo au baada ya ugomvi?

Neno moja, "gunia", liliwahi kunitia hasara ya debe 100 za mpunga. Nilimlipa mkulima wa Igurusi, wilayani Mbarali, pesa ya gunia 200 mpunga ukiwa bado shambani. Tukaandikiana karatasi moja pale steshenari, ikapigwa muhuri, kila mtu akabeba nakala yake. Wakati wa mavuno akaniletea gunia za debe sita. Mimi nilipiga hesabu ya debe saba, maana ndivyo nilivyozoea kununua. Karatasi ilisema "gunia mia mbili za mpunga safi", basi. Tofauti ilikuwa debe 200, zaidi ya gunia 33 kwa kipimo chake yeye.

Nikaenda kwa wakili Mbeya mjini, hasira zimenijaa. Akaisoma ile karatasi, akauliza, "Gunia hapa ni la kilo ngapi?" Nikaanza kumweleza. Akanikatiza: "Sikuulizi wewe, kaka. Naiuliza karatasi." Kisha akanifafanulia kwamba kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, mkataba ukishaandikwa, maneno ya mdomo hayana nafasi ya kuubadili. Neno likiwa na utata, desturi ya soko inaweza kuletwa kulifafanua, ila kwetu desturi zilikuwa mbili na kila mmoja angepata mashahidi wake. Na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inatambua kilo. Gunia kwake ni chombo cha kubebea tu. Akaniandikia barua ya madai, nikamlipa. Jambo lenyewe lilikwisha chini ya mwembe, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, alasiri moja: tugawane hasara nusu kwa nusu.

Kwa hiyo nikitazama upande mmoja, pesa ya wakili ilikuwa ya bure na mwenyekiti ndiye aliyeniokoa. Nikitazama upande wa pili, swali lile la wakili lingeulizwa mwezi wa pili badala ya mwezi wa saba, pasingekuwa na ugomvi wowote. Biashara nyingi za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia viazi vya Uyole na Makete, mbao za Mufindi, parachichi za Rungwe na Njombe hadi nyanya za Ilula, zimekaa katikati ya maoni haya mawili.

Wanaosema wakili hahitajiki hawasemi kwa ujinga. Sheria ya Mikataba yenyewe, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo ilimradi watu wamekubaliana kwa hiari, wana sifa ya kuingia mkataba, kuna malipo halali na lengo halali. Ardhi ni habari nyingine, hiyo lazima iwepo kwa maandishi, lakini lori la viazi linaweza kununuliwa kwa kupeana mkono na mkataba ukawa mkataba. Tena lori hilo linapakiwa saa tano usiku, lazima liwahi soko la Dar es Salaam, na hakuna ofisi ya wakili iliyo wazi saa hiyo. Anayetoka Makete au Ileje kufuata wakili mjini anapoteza siku nzima na nauli, kabla hajataja shida yake.

Kuna na heshima. Mzee mmoja ninayenunua kwake aliniambia, "Baba yako tulilima naye, leo unataka tuandikishane kama watu wa polisi?" Sikuwa na jibu la haraka. Kwa watu wanaouziana kila msimu, jina ndilo dhamana. Ukidhulumu mkulima mmoja, habari inakutangulia kijiji cha pili na msimu ujao utatafuta mzigo kwa tochi. Hata nchi yenyewe iliwahi kuamini hivyo kwa namna yake. Deni dogo la kimkataba linaanzia Mahakama ya Mwanzo, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa hata kusimama humo. Siku hizi, mtu anayedhani kauza kwa mdomo mara nyingi ameshaandika bila kujua. Ujumbe wa WhatsApp unaotaja bei na kiasi, pamoja na ujumbe wa muamala wa M-Pesa, vinaweza kupokelewa mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mradi uthibitishwe ulikotoka na kwamba haujachezewa. Usifute simu yako.

Hoja hizi zote nazikubali. Zina nguvu pale ambapo pande mbili zinajuana, zitaonana tena, na mzigo unahama siku ileile pesa inapohama. Moja ya hizo ikikosekana, mwenyekiti na mwembe wake hawatoshi.

Chukua miti ya Mufindi. Mtu ana ekari tano za mipaini, ada ya shule imembana, anakuja mnunuzi kutoka mbali na kulipia miti ikiwa imesimama. Wanaandika majina, idadi ya ekari, bei na mashahidi wawili. Wakili anayejua kazi yake angeuliza maswali ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyafikiria. Miti itavunwa hadi lini, na isipovunwa kwa tarehe hiyo inarudi kwa nani? Magari yatapita wapi kama njia inakatiza shamba la jirani? Miche ikiota yenyewe, ni ya nani? Mnunuzi amenunua miti au anadhani amenunua na eneo? Hili la mwisho ndilo linalogombanisha familia baada ya mzee kufariki, kwa sababu watoto wanakuta mtu anapanda upya kwenye shamba la baba yao akiwa na karatasi mkononi inayosema "nimemuuzia shamba la miti". Neno "shamba" limefanya kazi ambayo muuzaji hakulituma.

Na moto. Kila kiangazi moto hutembea kwenye misitu ya kule. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwa kawaida hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Sasa miti iliyolipiwa lakini haijakatwa, mwenyewe ni nani usiku ule inapoungua? Mawakili wawili wazuri wanaweza kubishana juu ya hilo mwaka mzima. Sentensi moja kwenye mkataba ingelimaliza: "Ikiungua kabla ya kukatwa, hasara ni ya mnunuzi", au ya muuzaji, vyovyote watakavyopatana. Hapo ndipo ninapoona thamani ya wakili. Lugha ngumu hainisaidii kitu. Ninachomlipia ni tabia yake ya kufikiria mambo kwenda vibaya wakati sisi wawili bado tunacheka na kunywa soda.

Ila watu wengi wanaosema "tuliandikishana kwa wakili" hawakupata huduma hiyo. Walipata muhuri. Mkataba umechapwa steshenari, kutoka kwenye faili lililotumika kuuzia kiwanja, wakaupeleka kwa wakili akathibitisha saini zao. Muhuri ule unasema watu hawa wamesaini mbele yangu. Hausemi yaliyoandikwa yana maana, wala kwamba yanakulinda. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza asiye na sifa kuandaa kwa malipo nyaraka za kisheria zinazohusu mali, na inataka jina la aliyeandaa lionekane kwenye hati. Nadhani katazo hilo halijawahi kuzuia steshenari hata moja. Siwalaumu vijana wa steshenari. Wanajaza pengo lililoachwa wazi. Na hata karatasi nzuri, kama ni ya aina inayodaiwa ushuru wa stempu na haujalipwa, itakataliwa kama ushahidi hadi ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake.

Linaloniumiza zaidi ni wakili anayeonekana kuwa wa pande zote mbili. Mnunuzi wa parachichi anakuja kijijini na mkataba uliokwisha kuandikwa, kurasa nane kwa Kiingereza, na wakili aliyelipwa na yeye mnunuzi. Mkulima anaelezwa kwa maneno matatu, anasaini. Ndani imeandikwa kwamba matunda yatachambuliwa kwenye ghala la mnunuzi baada ya kuchumwa, yatakayokataliwa hayalipwi, wala haikusemwa kama mkulima ana haki ya kuwepo wakati wa kuchambua au kurudishiwa yaliyokataliwa. Wakili pale hakumdanganya mtu. Alifanya kazi ya mteja wake. Lakini mkulima aliondoka akiamini kwamba sheria ilikuwepo mezani kwa ajili yake pia. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini, kwa hiyo sioni sababu ya heshima ya kumpa mkulima wa Rungwe mkataba ambao hawezi kuusoma. Mnunuzi anayeuhitaji kwa Kiingereza kwa ajili ya benki yake ya ng'ambo auandike kwa lugha zote mbili, na ataje ni upi utakaofuatwa zikigongana.

Kwa upande wa wanunuzi kuna haki pia, na wakulima hawapendi kuisikia. Mnunuzi aliyegharimia miche na mbolea, kisha siku ya mavuno akakuta matunda yameuzwa usiku kwa dalali aliyeongeza shilingi kidogo, naye ameibiwa. Mkataba mkali anaokuja nao msimu unaofuata umetokana na kidonda hicho.

Ugomvi ukishatokea, wengi hukimbilia polisi. Naelewa kwa nini, polisi ni karibu na mtu akiitwa anashtuka. Lakini kushindwa kulipa deni la mkataba si jinai. Jinai ni kujipatia pesa kwa udanganyifu, na hiyo inataka kuthibitisha kwamba alikudanganya tangu mwanzo. Kesi ya namna hiyo inaweza kumweka mtu ndani na pesa yako isirudi. Wengine hutegemea kifungu walichokitunga wenyewe, "asipoleta mzigo atalipa mara mbili". Chini ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, kiasi hicho ni kikomo tu. Mahakama itakupa fidia inayofaa isiyozidi hapo, na inaweza kuwa ndogo zaidi. Ukienda Mahakama ya Wilaya au juu yake, shauri hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi, kwa hiyo yule mwembe wa Igurusi unakutana nao tena, safari hii ndani ya jengo. Una miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa, ukichelewa mlango umefungwa.

Msaada wa kisheria wa bure upo, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wamefika hadi kwenye kata. Wanafanya kazi kubwa kwenye mirathi, ndoa na ardhi. Mfanyabiashara mwenye Fuso hahesabiki asiye na uwezo, hata kama Fuso ni ya mkopo, na wasaidizi hao hawamwakilishi mtu mahakamani. Katikati ya tajiri mwenye wakili wake na maskini mwenye msaada wa bure ndipo tulipo wengi wetu.

Nimefika mahali nina kipimo changu. Watu husema pesa ikiwa nyingi tafuta wakili. Mimi naangalia muda kati ya pesa kutoka na mzigo kufika. Lori la viazi la milioni kadhaa linalolipiwa likishapakiwa halinipi usingizi mbaya. Ujumbe wa simu unatosha. Mpunga wa laki tano unaolipiwa miezi mitano kabla ya kuvunwa unaninyima usingizi, kwa sababu ndani ya miezi hiyo bei itapanda, mvua itakatika, mtu atafariki. Wakili analipwa kwa ajili ya miezi hiyo. Ukifika kwa wakili, hakiki kwanza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Na ukiingia mkataba na "kampuni", itafute BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa sababu wengi wana jina la biashara tu. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Mwambie mwenye jina aandike lake.

Gharama ingepungua sana kama tusingekwenda mmoja mmoja. AMCOS moja ya kahawa ya Mbozi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kikundi cha wakulima wa mpunga kinaweza kumlipa wakili mara moja akaandaa mkataba wa zao lao, kwa Kiswahili, akiwa amekaa ghalani siku mbili akiona debe linavyopimwa. Najua ubishi wake: huko ni kurudi kwenye karatasi ya kunakili, ileile ya steshenari. Tofauti ni kwamba aliyeiandika aliuliza maswali ya zao hilo, na jina lake lipo chini ya ukurasa akitafutwa.

Mkataba wangu wa mpunga wa msimu huu una kurasa mbili. Nilimlipia wakili, na mkulima nilimpa wiki nzima ausomeshe kwa mtu wake. Aliurudisha kupitia mjukuu wake anayesoma Mbeya, kalamu nyekundu kila mahali. Pale niliposema "gunia la kilo 80" alikuwa ameongeza, "mizani iwe ya mnunuzi, lakini muuzaji aipime kwanza kwa mfuko wa saruji". Nikasaini.