Meli Imebadili Njia? Uliza Walijua Lini

Soma mkataba wa tiketi ya meli ya kitalii, yale maandishi madogo ambayo wengi huyapitisha kwa kubofya tu. Karibu kila kampuni ina kifungu kinachosema inaweza kubadili ratiba, kuruka bandari, kuweka nyingine mahali pake au kupunguza saa za kukaa gatini, na abiria hana la kudai zaidi ya ada za bandari iliyorukwa. Kwenye picha umeuziwa Mombasa, Unguja na Shelisheli. Kwenye mkataba umenunua kitanda, chakula na meli inayoelea.

Nusu ya kifungu hicho sina ugomvi nayo. Tarehe 5 Novemba 2005 meli Seabourn Spirit ilikuwa inatoka Alexandria kuja Mombasa. Nje ya pwani ya Somalia maharamia waliifuata kwa boti ndogo wakaishambulia kwa bunduki na roketi. Nahodha akaongeza mwendo, akawaponyoka, na abiria wakaishia Mahé, Shelisheli, badala ya Kilindini. Sidhani kuna mtu mwenye akili timamu angemdai nahodha yule fidia kwa kukosa kuiona Fort Jesus. Na si lazima wawe maharamia. Zipo bandari ambako meli kubwa hutia nanga nje, abiria wakaletwa pwani kwa boti. Upepo ukichafuka, nahodha akisema leo hakuna kushuka, hakuna kushuka. Nisingependa kusafiri na nahodha anayepiga hesabu ya fidia huku mawimbi yanapanda.

Nusu ya pili ndiyo inayonikera. Kifungu kile kile kinachomlinda nahodha hutumika kumlinda mtu aliyeko ofisini, kwenye kiyoyozi, ambaye miezi mitatu kabla ya safari ameona kwamba kuruka bandari moja kutaokoa mafuta, au kwamba gati limepewa meli nyingine. Wote wawili wanajificha chini ya sentensi moja. Ndiyo maana naona swali la kwanza la abiria, kabla hata ya "kwa nini", liwe: mlijua lini?

Sababu inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado abiria akadhulumiwa. Chukua Bahari ya Shamu. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waliiteka meli ya mizigo Galaxy Leader Novemba 2023, na mwanzoni mwa 2024 kampuni za utalii zikaanza kufuta safari za kupitia huko au kuzipeleka kuizunguka Afrika. Uamuzi wa busara, na hakuna aliyetaka kupelekwa kwenye makombora. Lakini aliyelipa ili avuke Mfereji wa Suez na kushuka Aqaba, Jordan, akaone mji wa kale wa Petra hakuuziwa Rasi ya Tumaini Jema. Apewe habari mapema, halafu achague: aende, au arudishiwe chake.

Kesi inayoeleza jambo hili vizuri kuliko zote ilitoka Australia. Mwaka 2013 mafuriko yaliifunga mito ya Ulaya. Bwana mmoja, David Moore, alikuwa amelipia safari ya mtoni ya siku 14 kutoka Amsterdam hadi Budapest na kampuni ya Scenic. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo na kukaa kitako muda mrefu kulimsumbua, kwa hiyo meli ilikuwa na maana kwake: unatembea, unajinyoosha, mji unakujia wewe. Akaishia kupakiwa kwenye mabasi na kuhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine. Siku alizosafiri kweli kwa maji zilihesabika. Hakuna aliyeilaumu Scenic kwa mvua. Walilaumiwa kwa kuwaacha watu wapande ndege waende wakati hali ya mito ilikuwa inajulikana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya juu kabisa, ikaamua kwamba Moore anastahili kulipwa hata kwa kukatishwa tamaa, kwa sababu starehe ndiyo bidhaa aliyoinunua. Dola 2,000 za Australia za masikitiko si utajiri. Ila mlango ulifunguka, na nyuma yake kulikuwa na abiria wengine wengi, maana Moore alishtaki kwa niaba yao pia.

Sasa, una haki gani? Inategemea umenunulia wapi, na hapa tofauti ni kubwa mno.

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huichukulia safari ya meli kama kifurushi, yaani usafiri na malazi vilivyouzwa pamoja. Ratiba ikibadilishwa pakubwa kabla hujaondoka, muuzaji lazima akuarifu bila kuchelewa na akupe muda wa kuamua. Unaweza kukubali, kuchukua safari mbadala kama ipo, au kuvunja mkataba bila kutozwa faini na kurudishiwa fedha zako ndani ya siku 14. Ukiwa tayari baharini unaweza kudai upunguziwe bei kwa kile ambacho hukupata. Fidia juu ya hapo hupati kama chanzo ni jambo lisilokwepeka, mfano dhoruba. Ubishi wote huwa kwenye "pakubwa". Kampuni itasema bandari moja kati ya sita ni jambo dogo.

Marekani hali ni kavu zaidi. Kanuni ya tume yao ya usafiri wa baharini, iliyoanza 2022, inakupa marejesho safari ikifutwa au kuchelewa kuondoka kwa siku tatu au zaidi. Bandari kubadilishwa haimo. Ile hati ya haki za abiria ambayo kampuni zenyewe ziliitoa 2013, baada ya meli Carnival Triumph kuungua chumba cha mitambo na kuelea siku kadhaa katika Ghuba ya Mexico, inahusu zaidi meli iliyoharibika. Na ukitaka kushtaki, tangu 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu tiketi ikulazimishe kufungua kesi kwenye jimbo ambalo kampuni imelichagua. Abiria waliopinga sharti hilo walikuwa wakazi wa jimbo la Washington. Wakaambiwa waende Florida.

Kwa sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki kuna jambo ambalo miongozo ya Kizungu huligusa kwa mbali. Shangazi yangu anaishi Leicester, pasipoti yake bado ni ya Tanzania. Alipata viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, kwa ajili ya safari ya kutoka Southampton kuzunguka Ufaransa na Hispania. Ikaja barua pepe yenye rangi nyingi: bandari ya Le Havre imetolewa, badala yake ni Cork. Akanipigia.

"Mwanangu, hii Cork iko wapi?"

"Ireland, shangazi."

"Na viza yangu hii?"

"Ireland haimo kwenye Schengen. Itabidi uombe nyingine."

Kimya kidogo, halafu: "Kwa hiyo wenzangu watashuka, mimi nibaki kulinda meli?"

Kwa mwenye pasipoti ya Uingereza bandari moja imekwenda, nyingine imekuja. Kwa shangazi ni viza mpya, miadi mpya, ada mpya, na hakuna uhakika. Mkataba unasema hati za kusafiria ni jukumu la abiria, hata pale nchi inapobadilishwa na wao. Sheria ya vifurushi ina upenyo hapa. Ukieleza hitaji lako maalumu wakati wa kununua na muuzaji akalikubali, kushindwa kwake kulitimiza kunakupa haki ya kujitoa. Kwa hiyo liandike siku ile ile: nasafiri kwa pasipoti hii, na viza nitakayoomba ni hii. Umpate wakala akujibu kwa maandishi. Ahadi ya simu haina risiti.

Shangazi aliwaandikia akauliza uamuzi ulifanyika lini na kama anaweza kurudishiwa fedha zote. Jibu la kwanza halikugusa tarehe kabisa. Walimpa vocha ya safari ijayo na salio la kutumia kwenye maduka ya melini. Hapa wengi huteleza, kwa sababu vocha ukishaipokea, kampuni itasema mmemalizana. Aliikataa, akarudia swali. Marejesho yalikuja baadaye. Ada ya viza ya Schengen ilimpotelea.

Uingereza kuna njia nyingine pia: ukilipia kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, benki ya kadi inabeba lawama pamoja na muuzaji, ingawa kupitia wakala kunaweza kuukata uhusiano huo. Bima nazo, baadhi hulipa kiasi maalumu kwa kila bandari iliyorukwa. Soma sababu wanazozikubali.

Ziara za nchi kavu ulizonunua melini hurudishwa bandari ikirukwa. Ukiwa umepatana mwenyewe na mwongozaji wa Mombasa au Unguja, kubaliana naye mapema kama meli isipotia nanga inakuwaje. Wapo wasiodai kitu meli isipofika. Lakini kama amekwisha kodi gari na kujaza mafuta alfajiri, naye ana hasara isiyokuwa kosa lake, na hana hata kifungu cha kumlinda. Kumtumia chochote, mimi naona ni haki.