Golori ya mwanangu

Mimi ni fundi ujenzi, na ugonjwa wa fundi ni kwamba akitajiwa nyumba ya bei chee haulizi kwa nini. Anajiona ndiye atakayeligundua tatizo, aliseme, apunguziwe. Ndivyo nilivyofika bondeni Tabata, Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi, na mke wangu nyuma: vyumba vitatu na sebule, milioni 38. Dalali alichukua elfu 20 ya kutuonyesha kabla hata geti halijafunguliwa. Mwenye nyumba, mzee mmoja mkimya mwenye msuli, alikuwa kibarazani anamenya chungwa.

Zana zangu huwa tatu. Ya kwanza ni ufunguo: nakwaruza tofali mahali pasipo plasta. Unga ukimwagika kama sukari, ujue mfuko mmoja wa saruji umetolewa tofali hamsini na zaidi, badala ya thelathini na kidogo. Hapa ufunguo uliteleza. Ya pili ni sarafu ya mia. Vijiufa vya nywele kwenye plasta si kesi, plasta hukauka ikapasuka. Lakini ufa unaoshuka kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, ukifuata maungio ya tofali, na sarafu ikazama ndani yake, hapo msingi umetitia na safari imeisha. Nilizunguka nyumba nzima, sarafu haikupata pa kuingia.

Nikaanza kuingiwa na tamaa. Ila fundi aliyejenga, nikamwambia mke wangu kwa sauti, alikuwa hamnazo.

Mlangoni palikuwa na kijiukuta cha zege kinachofika gotini. Unakivuka kama unapanda mtumbwi. "Cha kuzuia nyoka," dalali akasema. Soketi za sebuleni, ambazo huwekwa sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, hapa zilikuwa kifuani. "Kwa usalama wa watoto, bosi." Choo kilikuwa juu ya ngazi tatu, kama kiti cha sultani. Vitanda na friji vimepandishwa juu ya tofali. Rangi ilikuwa mpya, lakini kutoka sakafuni mpaka kiunoni tu, na chini yake ukuta umeumuka chumvi. Mke wangu alinivuta shati. Nikamwambia atulie, nifanye kazi.

Nikatoa zana ya tatu, golori ya mwanangu. Unaiweka katikati ya sakafu. Sakafu iliyopigwa kwa pima maji, golori inatulia au inasogea kidogo. Yangu iliondoka kama imeitwa, ikavuka sebule, ikakata korido, ikaenda mpaka mlango wa nyuma na kupotelea chini ya ukuta. Tii!

"Aliyemwaga sakafu hii alikuwa amelewa," nikasema. "Toa milioni tano tuongee."

Mzee kibarazani akaacha kumenya chungwa. Hakunitazama mimi, alitazama kule nyuma. Tulipo hapakuwa na tone, ila mawingu yalikuwa yamelalia upande wa Pugu, na Msimbazi unaanzia kwenye milima hiyo. Maji ya bondeni hayangoji mvua ya bondeni. Watoto wa jirani wakapita mbio na magodoro kichwani. Mzee akaingia ndani, akachukua kopo la maziwa lililojaa vizibo vilivyochongwa kwa ndala, akainama chini ya ukuta wa nyuma. Kulikuwa na matundu matatu ya bomba la nusu inchi, sawa kabisa na sakafu. Mto ukipanda, anayaziba. Ukishuka, anazibua, na kwa ule mwinilo niliouita wa kilevi, maji yaliyopenya yanajitoa yenyewe hadi tone la mwisho.

Kizibo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu kikagoma.

"Kuna kitu humu," akasema mzee.

Nilijua ni kitu gani, chenye mistari ya bluu ndani. Tulichokoa kwa msumari, kwa kijiti, kwa ufunguo wangu wa kupimia tofali. Kila tulipoichokoa ilizidi kukwama, na maji yakawa yanaipita pembeni yakiturukia usoni. Nje mto ulikuwa umefika nusu ya kile kijiukuta cha nyoka. Nyumba nzima ingebaki kavu, kama si mimi. Viatu vyangu vya ngozi vilipita korido vikielea, kimoja nyuma ya kingine.

Dalali alishapanda kwenye kile choo cha sultani. Kutoka huko alipaza sauti kwamba hela ya kuonyeshwa hairudishwi.

Siku nyingine nilirudi na tepu, nikapima kutoka ukuta wa nyuma hadi ukingo wa mto: mita 34. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka 60. Ningeanza na tepu, golori ingebaki mfukoni.

Jioni ile lakini hapakuwa na pa kwenda. Mzee alitukaribisha kitandani, mke wangu, mimi na chungwa lililobaki, akawasha TV. Tuliangalia taarifa ya habari ya saa mbili mpaka mwisho, miguu imekunjwa, TV imechomekwa kwenye soketi ya kifuani. Umeme haukucheza hata mara moja.