Magoti ya Babu na neno "ili"

Jioni moja tumekaa barazani, Mji Mkongwe, kahawa inazunguka na kashata. Mzee mmoja, sote tunamwita Babu, alikuwa akijisugua magoti kwa mafuta ya karafuu. Akasema, "Ndiyo hekima yake, wanangu. Tunazeeka ili tuwapishe nyinyi." Baraza zima likaitikia. Mimi nikakohoa.

Sigombani na imani ya mtu. Ukiamini maisha yana kusudi, mimi nami nimo. Ninachokataa ni kuyabebesha mageuko ya viumbe kusudi hilo, na naona mchawi wetu ni kineno kidogo: "ili". Mara ngapi umesikia kwamba twiga alirefuka shingo ili afikie majani ya juu? Hakuna twiga aliyekusudia kitu. Waliozaliwa na shingo ndefu kidogo waliishi vizuri kuliko wenzao, wakazaa zaidi, na watoto wakarithi. Hapo pana "kwa sababu". "Ili" haipo.

Babu hayuko peke yake. Karne ya 19, mwanabiolojia wa Kijerumani August Weismann aliwahi kutetea hoja ya namna hiyohiyo: waliochakaa hufa, vijana wapate nafasi. Lakini ukisema wazee waondoke kwa kuwa wamechakaa, bado hujaeleza walichakaa kwa nini. Halafu tuseme kundi zima ni la waungwana wa kupisha, akazaliwa mmoja asiyepisha. Ataendelea kuzaa wenzake wakiwa kaburini, na baada ya vizazi kadhaa kundi litajaa wajukuu zake. Uungwana huo haudumu.

Aliyenifungua macho ni mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar, aliyechapisha hoja yake mwaka 1952. Yeye alitumia mfano wa neli za maabara. Mimi nitachukua vikombe vya muuza kahawa wetu. Vikombe havizeeki. Lakini leo kimoja kimeteleza mkononi, kesho mtoto kakipiga teke kingine. Nenda baada ya miaka mitatu, vile vya mwanzo utakuta viwili tu, na hakuna hata kimoja kilichokufa kwa uzee. Porini ni hivyohivyo: chui, njaa, homa. Kwa hiyo jeni, yaani kile kipande cha urithi anachopewa mtoto na wazazi, inayomharibu kiumbe kabla hajazaa hufutika pamoja naye. Inayosubiri kuharibu uzeeni imeshapita kwa watoto zamani, na wengi wa waliokuwa nayo wala hawakufika huko ikawaumiza. Uteuzi asilia, yaani huo mchujo wa nani aishi na kuzaa zaidi, hauna macho ya kufika mbali kiasi hicho.

Mwaka 1957 Mmarekani George Williams akaongeza la kukera zaidi: jeni ileile yaweza kukupa nguvu ujanani na kukuumiza uzeeni. Ni mkopo. Unaula ungali kijana, na siku ya kudaiwa wadaiwa wengi wameshakufa kwa mambo mengine.

Ushahidi mwingine tunao hapahapa Unguja. Vuka uende kisiwa cha Changuu ukawaone kobe wakubwa, ambao wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wameandikwa umri kwa rangi mgongoni, na wengine wamepita miaka mia. Unampa jani la mchicha, anashusha kichwa polepole kama hana ahadi na mtu. Gamba lile, mwili ule, nani atamla? Kobe mkubwa ana nafasi nzuri ya kuiona miaka ijayo na kuendelea kuzaa, basi mwili unaojikarabati unalipa.

Sasa rudi Unguja wakati wa mvua, uchungulie madimbwi. Humo mna samaki mdogo, dume lake lina mkia mwekundu. Wataalamu humwita Nothobranchius guentheri. Dimbwi likikauka wote wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakingoja mvua nyingine. Nduguye wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, amefugwa sana maabara. Maji anabadilishiwa, chakula anapewa, dimbwi halikauki, na bado ndani ya miezi michache rangi inafifia na mgongo unapinda. Hampishi mtu. Jeni za kumchakaza mapema hazikuwahi kuchujwa, kwa sababu vizazi na vizazi jua liliwahi kabla yake.

Nikayaeleza haya yote barazani, mikono ikienda huku na huku, kahawa yangu ikapoa. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, kizibo cha chupa ya mafuta kikiwa bado mkononi.

"Kwa hiyo magoti haya yananiuma bure?"

"Bure, Babu."

Akacheka mpaka akakohoa yeye sasa. "Basi simpishi mtu. Nitilie kahawa."