Pole Isiyo na Mwenyewe

Juma lililopita mama yangu, ambaye hajatimiza miezi miwili tangu amzike baba, aliketi sebuleni mwetu hapa Buruburu akapiga simu kwa kampuni moja ili laini ya marehemu ifungwe. Sauti nyororo ya kike ilimpokea, ikamsikiliza, kisha ikasema, "Pole sana kwa yaliyokupata." Mama alijitanda leso vizuri, akaishika simu kwa mikono miwili na kuitikia, "Asante mwanangu, tumeshapoa," halafu akaanza kusimulia jinsi ugonjwa ulivyoanza. Alipomaliza, ile mashine ilimwambia haijamwelewa, ikamtaka arudie, na kwa sauti ileile ikampa pole tena. Mama akaanza upya, tangu siku ya kwanza hospitalini. Niliichukua simu nikaikata, na hasira yangu haijatulia hadi leo.

Asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya wazee wasiojua teknolojia. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, aliitangaza ELIZA, programu iliyoyageuza tu maneno ya mtu kuwa maswali. Baadaye alisimulia jinsi katibu wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi mingi, alivyomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika chuo hichohicho, Cynthia Breazeal aliunda Kismet, kichwa cha roboti chenye nyusi, masikio na midomo iliyosogea kuonyesha furaha au huzuni, na watu wazima wakajikuta wakikibembeleza kama mtoto. Binadamu akiongeleshwa kwa upole huitikia kabla hajafikiri, na wanaounda mashine hizi wanalijua hilo.

Kuiga kwenyewe sikukatai. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba roboti kama Kaspar ya Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, iliyoundwa kwa ajili ya watoto wenye usonji, ina kazi yake ya maana, kwa kuwa pale mtoto huwa na mtu mzima kando yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza kutoa pole kwa kuiga. Nikiwa na miaka saba, katika matanga ya jirani, niliinamisha kichwa kama shangazi yangu na kusema kwa sauti ya chini kama yake, bila uchungu wowote moyoni. Shangazi aliponisikia alinikabidhi ndoo nikawatekee wapishi maji, kwa sababu aliyetoa pole hakai bure. Kwetu anayetamka neno hilo huangaliwa kama atarudi jioni, kama atachanga, kama atabeba hata kilo moja ya sukari, na asipofanya lolote hukumbukwa kwa miaka. Roboti inaweza kuinamisha kichwa vizuri kuliko nilivyofanya siku ile, lakini hakuna awezaye kuikabidhi ndoo, wala kuidai.

Kwa hiyo naiomba kampuni ile ilifute neno pole katika programu yake. Mashine ijitambulishe kwanza kuwa ni mashine, iulize namba ya laini, na msiba ukitajwa imwunganishe mteja na mhudumu mara moja. Mama bado huniuliza kama yule binti aliliandika jina la baba sawasawa, nami sijapata moyo wa kumweleza.